HOKUSAI AU HIROSHIGE? MIMI NIKO NA WA MVUA



Majuzi katika chama chetu kulizuka ubishi ambao almanusura utukoseshe chakula cha jioni. Mwalimu alituletea kitabu cha picha za Wajapani, zile zinazochongwa kwenye ubao kisha kuchapwa kwa karatasi, akauliza: kati ya Hokusai na Hiroshige, fundi ni nani?

Kidato cha Nne wote walisimama na Hokusai (1760–1849). Siwalaumu. Mzee alikuwa na miaka 70 hivi alipotoa mandhari 36 za Mlima Fuji. Zilipopendwa akaongeza 10, zikawa 46. Na mlima ni mmoja tu! Lile wimbi lake linalotaka kumeza mashua tatu, huku Fuji ikionekana nyuma kama kichuguu, hata mtu wa Lokiriama ambaye hajaona bahari atarudi hatua moja.

Lakini mimi niko na Hiroshige (1797–1858). Huyu alitoka ukoo wa wazima moto wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Mnamo 1833 alianza kutoa picha za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, na hapo mzee akapata mpinzani. Tazameni watu wake: wapagazi wamechoka, wasafiri wameinama wakikimbia mvua. Ile mvua yake ya 1857 juu ya daraja ni mistari myembamba tu, lakini unahisi baridi mgongoni. Van Gogh mwenyewe aliinakili kwa rangi mwaka 1887. Sisi tuliosafiri juu ya lori kutoka Lodwar hadi Lokiriama tunamwelewa mtu huyu.

(Na wachongaji je? Mchoraji alichora kwa karatasi tu. Fundi mwingine aliibandika kwenye ubao wa mcheri akachonga, mwingine akachapa rangi moja baada ya nyingine. Hao hawabishaniwi na mtu.)

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baada ya ubishi tulipewa karatasi tuchore mandhari. Nikapita nikichungulia: minazi, jua katikati ya milima miwili, nyumba yenye dohani. Minazi, jamani! Nani kati yetu amewahi kukwea mnazi? Mikoma ya mto Turkwel ipo. Milima ya Loima ipo. Lokiriama kwenyewe ndiko Waturkana na Wamatheniko walikozika silaha wakafanya amani mwaka 1973. Hakuna aliyechora hata kimoja. Ati huku ni jangwa, hakuna cha kuchora! Maneno hayo tumeyasikia kwa wageni mpaka tumeyameza. Kwani Tokaido ilikuwa nini kama si barabara, vumbi na watu wenye mizigo?

Mimi nimeanza na kisima chetu asubuhi, akina mama wakiteka maji. Nataka nifikishe picha 10 kabla ya kufunga shule. Punda wamenishinda kidogo, wanatoka kama mbuzi wanene, lakini mikoma inaendelea vizuri.