Mapafu ya Kipchoge, kichwa cha Wanyama

Haya, tumalize huu ubishi: kati ya mcheza mpira na mkimbiaji wa mbio ndefu, nani yuko fiti zaidi?

Tukipima pumzi tu, mkimbiaji anashinda mapema. Wataalamu hupima oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika, kwa kila kilo ya uzito. Wanasoka wengi wa kulipwa huwa kati ya mililita 55 na 65. Wakimbiaji wa juu kabisa hupita 70. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Yaani kila kilomita chini ya dakika tatu, mara 42. Jaribu moja tu pale Zoo Lake halafu tuongee.

Lakini kiungo naye hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, na si kwa mwendo mmoja. Anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anaruka, anagongwa, anaamka, anachomoka tena. Kwa mkimbiaji wa marathoni kila kilo ya ziada ni mzigo. Kiungo akiwa mwembamba hivyo, mabeki watamsukuma kama kiti. Kwa hiyo huwezi kusema nani zaidi mpaka useme kwa kazi gani.

Sasa mbona tunajali? Kwa sababu hapa Joburg, ukiwa na jina la Kikenya, watu wameshakuchagulia kazi. Mimi nilienda majaribio ya timu ya mpira ya shule nikiwa na miaka 12, nikaelekezwa kwa wakimbiaji: ati ndiyo mchezo wenu. Kwetu sisi, hakuna aliyewahi kukimbilia kitu kingine zaidi ya matatu.

Wengine watasema ni mwinuko. Sawa, lakini Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Mwinuko peke yake ungetosha, Soweto nzima ingejaa mabingwa wa marathoni. Iten iko juu zaidi, kama mita 2,400, ila pia ina makambi, makocha, na vijana wanaoamka alfajiri kukimbia na mabingwa. Na hiyo ni Bonde la Ufa, siyo Kenya nzima.

Mtazame mzee Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Mwanawe McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichobeba Ligi ya Mabingwa 2010. Mdogo wake, Victor Wanyama, aliifunga Barcelona kwa kichwa akiwa na Celtic, Novemba 2012. Hao pia ni Wakenya. Walilelewa na mpira, miili yao ikaufuata.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukipenda kukimbia, kimbia. Ukipenda mpira, na kocha akakuonyesha njia ya wakimbiaji, muulize majaribio yanaanza saa ngapi, halafu fika mapema.