Tebo Bila Mafumbo ni Ukasuku

Katika shule nyingi za msingi nchini asubuhi hufunguliwa kwa sauti moja kubwa: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Apitaye nje ya dirisha husimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema watoto wanasoma. Ndivyo isemwavyo hata Nyarugusu ya Geita (siyo ile ya Kasulu, iliyopokea wakimbizi tangu 1996), ambako sauti za watoto hushindana na ngurumo za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Lakini kuimba tebo si kujua hesabu, na wenye dhamana ya elimu wanalijua hilo fika.

Darasa hilo hilo na lipewe fumbo hili: karasha moja husaga viroba 12 vya mawe kwa siku, makarasha 4 yatasaga jumla ya viroba vingapi kwa siku 6? Mtoto aliyetoka sasa hivi kuimba tebo ya 12 bila kukwama ataliona neno "jumla", atajumlisha 12 na 4 na 6, ataandika 22 na kuweka kalamu chini kwa furaha. Jibu ni 288. Mtoto huyo hakushindwa kuzidisha. Hakutambua kwamba alitakiwa kuzidisha.

Ugonjwa huo hakuzaliwa nao. Ameambukizwa na mazoezi anayopewa: maswali ishirini ubaoni, kila moja likiwa na alama ya kuzidisha tayari, kazi yake ikiwa kujaza jibu tu. Siku alama inapoondolewa na maneno kuwekwa mahali pake, hana pa kushika. Na mafumbo yenyewe huachwa hadi mwisho wa mada, wakati kengele imekwisha kugonga. Mwalimu husema ni magumu, watoto hawayaelewi. Kwa hiyo huyaruka, na kwa kuwa huyaruka, watoto hawayaelewi.

Ugumu mwingine haumo katika namba hata kidogo. Watoto wengi wa Nyarugusu huzungumza Kisukuma au Kizinza nyumbani. Kwao fumbo la hesabu ni somo la Kiswahili kabla halijawa somo la hesabu: "kila", "salio", "mara tatu ya", "waligawana sawasawa". Neno moja lisipoeleweka, fumbo zima limeanguka. Fumbo lingesomwa kwa sauti, likasimuliwa upya na watoto kwa maneno yao, likachorwa mchangani, kabla ya yeyote kuruhusiwa kukokotoa, nusu ya makosa ingekoma hapo hapo.

Watasema madarasa yamefurika. Ni kweli. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 watoto walimiminika shuleni, na anayebeza mzigo wa kufundisha watoto mia katika chumba kimoja hajapata kushika chaki. Lakini fumbo moja ubaoni, watoto wakiwa vikundi vikundi wakibishana juu yake, halihitaji senti moja ya bajeti.

Wapo pia wasomi wanaodai kwamba kukariri tebo ni kasumba ya kikoloni na kwamba ifutwe. Huo nao ni upotofu. Mtoto anayehesabu vidole kutafuta nane mara saba hana akili iliyobaki ya kufikiri juu ya fumbo. Tebo ni jembe. Kinacholaumiwa ni kulinoa jembe kila siku bila kwenda shambani.

Na shamba la Nyarugusu liko wazi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa mwaka huo huo. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili mchimbaji mdogo asiuze gizani. Tuseme basi mchimbaji ana gramu 8, kila gramu shilingi 150,000. Mauzo ni 1,200,000. Makato kwa viwango hivyo ni 84,000. Mlanguzi anayemwambia makato ni 120,000 amemwibia 36,000 mchana kweupe, na kalamu ndiyo bunduki yake. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliikataa shule inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Hapa mtenganisho ni wa hatua mia chache tu, toka ubaoni hadi kwenye mizani.

Atajitokeza mwenye kudai kwamba mafumbo ya viroba yatawavuta watoto machimboni. Hoja hiyo imechelewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa watoto, uchimbaji ukiwamo, na bado mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi kwenye machimbo ya Geita, wakishika zebaki kwa mikono. Machimbo watoto hawa wanayajua. Wasichokijua ni hesabu yake, na asiyejua hesabu hiyo ndiye anayedanganywa kwamba ujira wa kiroba unashinda darasa.

Mthibiti ubora wa shule atakapofika tena Nyarugusu, asitosheke na kwaya ya saba mara saba. Afute alama zote za hesabu ubaoni, aandike fumbo la makarasha manne, kisha ahesabu madaftari yenye 22 na yenye 288.