Mambo ya Nyumbani: Shati Safi Lenye Uvundo



Majuma machache yaliyopita nilivaa shati jeupe lililotoka kufuliwa, nikashika njia kwenda shuleni. Kabla ya saa nne pua yangu ilikwisha nishitaki: shati lilinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Jioni nilirudi nyumbani na hasira. Nikamwita binti wa kaka yangu, akaaye kwetu kwa ajili ya masomo na kutusaidia kufua, nikamwambia kwamba ni mvivu, na ya kuwa sabuni anaipunja. Mtoto akajibu kwa upole: «Baba mdogo, sabuni natia nyingi kuliko zamani.» Sikumsikiliza, kwa maana mwenye hasira hana masikio.

Kesho yake mke wangu alisikia kikohozi kikali katika chumba cha kuogea, mahali tulipoweka mashini ya kufulia. Yule binti, akitaka kujiondolea lawama, alikuwa amemimina Javel na siki katika beseni moja, dirisha limefungwa, naye amepiga magoti aioshe mashini. Macho yalimtoka machozi, kifua kilimbana. Mke wangu akamvuta nje upesi, akamwosha macho kwa maji mengi. Tukafungua milango na madirisha yote, wala hatukurudi mle mpaka hewa ilipotakata. Baada ya saa chache alipata nafuu.

Ndipo nilipopiga magoti mimi mwenyewe. Mashini yetu ni ya namna ile yenye mlango wa mviringo mbele. Kati ya mlango na pipa la chuma lizungukalo kuna mpira mnene wenye mikunjo, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Nikauvuta mdomo wa mpira ule kwa vidole. Lo! Ndani ya mkunjo palikuwa na maji yaliyotuama, utelezi wa kijivu, nywele, kifungo cha shati, na madoa meusi ya kuvu pande zote.

Kuvu ni viumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, zaelea hewani kila mahali, nazo huota zikipata unyevu na chakula. Unyevu ulikuwamo katika mkunjo. Chakula ni mabaki ya sabuni, nyuzi za nguo na mafuta ya ngozi zetu. Basi sabuni aliyoizidisha yule mtoto ili kunipendeza iliwalisha adui zetu! Tena tulifua daima kwa maji baridi, ambayo hayayeyushi mafuta vizuri. Na umeme ulipokatika katikati ya kazi, nguo zililala majini hadi usiku. Hapa Bukavu, majira ya mvua, kitu kilichofungwa hakikauki. Na ni nani aliyekuwa akiufunga mlango wa mashini kila siku, ati nyumba ionekane nadhifu? Ni mimi.

Sasa nieleze jinsi ya kuusafisha mpira huo. Kwanza chomoa waya wa umeme, fungua dirisha, vaa mipira ya mikononi. Vuta mkunjo pole pole pande zote, utoe pini, vifungo na changarawe. Upande wa chini mara nyingi pana matundu madogo ya kupitishia maji, yazibue. Kisha sugua kwa kitambaa au mswaki laini wenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usitumie kisu wala brashi ya chuma, maana mpira ukitoboka maji yatavuja.

Uchafu mwingi utatoka kwa njia hiyo tu. Madoa meusi yakibaki, suuza sabuni yote, halafu changanya sehemu 1 ya Javel ya kawaida na sehemu 10 za maji baridi. Kama Javel yako ni ile iliyokolezwa, fuata maandishi ya chupa. Lowesha kitambaa, ukikaze ndani ya mkunjo muda wa robo saa au nusu saa, kisha pangusa kwa maji safi mara kadhaa. Usafishe pia kile kisanduku cha sabuni na kichujio cha chini. Mwishowe, umeme ukiwa imara, endesha mashini tupu kwa maji ya moto ya digrii 60 au zaidi. Doa lililoingia ndani ya mpira huenda lisitoke kamwe. Hilo si kosa, mradi uvundo umekwisha.

Lakini shikeni sana neno hili: Javel haichanganywi na kitu cho chote ila maji. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Claude Berthollet alitambua jinsi klorini inavyong'arisha vitambaa, na maji hayo yalipata jina lake kwa Javel, kijiji cha kando ya Paris ambako yalitengenezwa. Siki, ndimu na dawa za kuondoa ukoko wa chokaa huifungua klorini ile, ikatoka kama gesi. Ni gesi ile ile iliyorushwa juu ya askari karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Amonia nayo ikikutana na Javel huzaa sumu nyingine. Mtu akikosea, atoke nje mara moja, asimwage kitu kingine juu yake. Kifua kikiendelea kumbana, apelekwe hospitali.

Na baada ya kusafisha? Dawa ni kitambaa kikavu. Kila mkimaliza kufua, toeni nguo upesi, pangusa mkunjo, acheni mlango wazi kidogo. Wenye watoto wadogo wafunge mlango wa chumba, wasije wakaingia ndani ya pipa kwa mchezo. Sabuni ipimwe, wala isizidi. Mara moja kwa mwezi endesheni maji ya moto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jioni ile nilimwita tena binti yetu, mbele ya mke wangu na watoto, nikamwomba radhi. Alinitazama chini, akacheka kidogo, akaniletea kitambaa kikavu. Tangu siku hiyo kuupangusa mpira ni kazi yangu, na shati langu halinuki tena.