Mshahara Umekoma, Riba Haijakoma: Risala ya Wafanyakazi Tuliopunguzwa Kazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa vyama vya wafanyakazi,
Wawakilishi wa waajiri na wa taasisi za fedha,
Ndugu wafanyakazi, mabibi na mabwana,





Sisi tunaoleta risala hii ni wakazi wa Jiji la Dar es Salaam. Tulikuwa na ajira viwandani, hotelini, katika shule binafsi, kwenye kampuni za ulinzi na maofisini. Kazi zetu zilikoma kwa kupunguzwa. Tulipokuwa kazini tulikopa kama wanavyokopa wafanyakazi wengine wote nchini: kumalizia nyumba ya vyumba viwili Chanika au Mbagala, kulipa ada, kumtibu mzazi. Mkopo huo ulitolewa kwa kuangalia hati ya mshahara. Benki iliiona, mwajiri akaigongea muhuri, makato yakapita kila mwezi kabla sisi wenyewe hatujaigusa pesa.

Mheshimiwa, hatukuja kuomba madeni yafutwe. Dawa ya deni ni kulipa, na sisi tunataka kulipa. Tulichokuja kusema ni hiki: aliyetukopesha aliutegemea mshahara, na mshahara umekatika bila kosa letu. Kwa hiyo sheria iweke kipindi ambacho deni halikui wala mdaiwa hasumbuliwi, mpaka apate pa kushika. Leo hasara yote ya kazi kufa inabebwa na mtu mmoja, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Kuhusu malipo ya mwisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, kwa ukomo wa miaka 10. Maana yake, aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 22 anapata siku hizo hizo 70.

Tuchukue mfano wa mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Siku zake 70 ni kama shilingi 1,600,000. Ikiwa deni lake benki bado ni shilingi 5,000,000, kiinua mgongo chote kinaweza kumezwa, na deni bado likabaki kubwa. Na ndivyo inavyotokea. Fomu za mikopo tulizotia saini zinamruhusu mwajiri kupeleka benki malipo ya mwisho. Mwenzetu mmoja alipewa karatasi ya hesabu yake yenye mistari minne: notisi, likizo, kiinua mgongo, halafu makato ya mkopo. Chini kabisa, penye neno jumla, pameandikwa sifuri. Mama huyo ana watoto watatu, na mwenye nyumba wake anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kuhusu fao la kukosa ajira

Tunaishukuru Serikali kwa kuweka fao la kukosa ajira. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) aliyechangia si chini ya miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ni jambo jema. Lakini rudi kwenye mfano wetu, Mheshimiwa. Theluthi ya shilingi 600,000 ni shilingi 200,000. Kama rejesho la benki ni shilingi 200,000 kwa mwezi, fao lote linakwenda benki na nyumbani haibaki hata ya unga. Mfuko uliokusudiwa kumlinda mfanyakazi unageuka kuwa njia ya kupeleka pesa kwa mkopeshaji.

Wapo pia wenzetu waliofika dirishani wakaambiwa michango yao haionekani. Kwenye hati za mshahara makato yapo miaka yote. Kwenye kumbukumbu za mfuko kuna mapengo. Mwajiri alikata, hakupeleka. Mfanyakazi aliyetimiza wajibu wake anaambiwa akamtafute mwajiri ambaye ofisi yake imeshafungwa.

Kuhusu kausha damu na mikopo ya mtandaoni

Mheshimiwa, mtu akiishiwa, benki haimkopeshi tena. Hapo ndipo anapoingia mikononi mwa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa. Anaacha kadi ya benki na namba ya siri, anaacha kitambulisho, wakati mwingine anaorodheshewa makochi na jokofu. Akichukua shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, mwezi ukiisha anadaiwa 390,000. Akishindwa, riba inapandishwa juu ya riba. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ukomo huo tunausoma kwenye matangazo. Mitaani kwetu hatujauona.

Programu za mikopo za kwenye simu nazo zina maumivu yake. Mtu anapokea pesa kidogo, na bila kuelewa anakuwa ameifungulia programu majina yote yaliyomo kwenye simu. Siku moja ikipita baada ya tarehe ya kulipa, ujumbe unatumwa kwa mkwe wake, kwa mchungaji au imamu wake, kwa bosi aliyemwahidi kibarua, kwamba fulani ni tapeli na wao ni wadhamini wake. Baba mmoja miongoni mwetu aliitwa kwenye kikao cha ukoo kujieleza kwa deni la shilingi 80,000. Ndoa zimeyumba, na wapo waliozima simu zao moja kwa moja, hata aliyetaka kuwapa kazi akawakosa.

Tunaipongeza Benki Kuu kwa kuzitangaza, Novemba 2024, programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tunasikitika tu kwamba jina likifungwa leo, kesho mtindo ule ule unarudi kwa jina jingine. Na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kusambaza deni la mtu kwa wakwe zake ni jambo ambalo sheria hiyo ilitungwa kulizuia.

Kuhusu nyumba na vyombo

Walioweka nyumba rehani wanapewa notisi ya siku 60 chini ya Sheria ya Ardhi, kisha dalali anapita mtaani na spika akitangaza mnada, watoto wa mdaiwa wakisikia jina la baba yao. Siku 60 hazitoshi kupata kazi nyingine Dar es Salaam. Na wakopeshaji wa mitaani hawasubiri notisi yoyote. Wanakuja na pikapu na vijana. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza hata mahakama kukamata vitanda, vyombo vya kupikia na vifaa vya kazi vya fundi ili kulipia deni. Iweje mtu asiye na amri ya mahakama abebe cherehani ya mjane?

Madai yetu

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba na tunadai yafuatayo:

1. Itungwe kanuni ya muda wa nafuu. Mfanyakazi aliyepunguzwa asidaiwe rejesho wala kuongezewa riba na adhabu kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha mkopo upangwe upya kulingana na kipato chake kipya.

2. Sehemu ya malipo ya mwisho, isiyopungua nusu, ilindwe isikatwe kwa mkopo wowote, hata kama fomu ilitiwa saini. Fao la kukosa ajira lisiguswe kabisa.

3. Ukomo wa miaka 10 katika kiinua mgongo uondolewe, ili aliyetumika miaka 22 alipwe kwa miaka 22.

4. Sheria inamtaka mwajiri kushauriana na wafanyakazi kabla ya kupunguza. Madeni yawe ajenda ya lazima katika mashauriano hayo, na mkopeshaji aitwe mezani kabla barua hazijatoka.

5. Asiyepeleka michango NSSF ashitakiwe yeye, na mfanyakazi mwenye hati za mshahara alipwe fao lake wakati mfuko ukimfuatilia mwajiri.

6. Benki zinazomkata mkopaji bima ya mkopo zimweleze kwa Kiswahili bima hiyo inalipa nini. Wengi wetu tulikatwa, tukaja kugundua inahusu kifo na ulemavu tu. Kupunguzwa kazi kuingizwe.

7. Kushika kadi ya benki ya mdaiwa, kuchukua mali bila amri ya mahakama na kuwatumia ndugu zake ujumbe wa kumdhalilisha vifanywe makosa ya jinai yenye adhabu ya wazi, na kila kituo cha polisi kiwe na maelekezo ya kupokea malalamiko hayo badala ya kumwambia mlalamikaji akalipe kwanza.

8. Uwekwe utaratibu mwepesi wa mdaiwa mdogo. Sheria yetu ya Kufilisika inampeleka mtu Mahakama Kuu, mahali ambapo asiye na nauli hafiki. Wenzetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, wana njia ya mdaiwa mwenye deni dogo kulipa kidogo kidogo chini ya usimamizi. Tunaomba njia kama hiyo hapa, ifikike wilayani.

Hitimisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila tunachokidai kinamfaa pia aliyetukopesha. Mdaiwa aliyenyang'anywa cherehani halipi. Aliyechafuliwa jina kwa kila anayemjua hapati kazi, na asiye na kazi halipi. Anayelipa ni yule aliyeachiwa vifaa, jina na muda. Tupeni hivyo vitatu, na madeni yetu tutayalipa hadi shilingi ya mwisho.

Tumeambatanisha nakala za hati za malipo ya mwisho na za ujumbe waliotumiwa ndugu zetu, kwa ridhaa ya wenyewe na majina yakiwa yamefichwa. Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai, na tarehe ya kukutana tena na wataalamu wa wizara inayosimamia kazi, Benki Kuu na NSSF wakiwa mezani.

Mungu ibariki Tanzania. Mungu wabariki wafanyakazi wake, walioko kazini na waliotoka.

Tunaomba kuwasilisha.