Kutoka DPP hadi Jaji wa Rufani: Njia ya Feleshi inaihusu vipi Mpanda?

Mkeka wa uteuzi ukitoka Ikulu, kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni majina na vyeo, basi. Nani kawa nini, nani kahamishwa wapi. Agosti 2024 mkeka mmoja ulikuwa na jina la Dkt. Eliezer Feleshi: anatoka kwenye kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, anakwenda kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Wengi walisoma, wakasogeza kidole, wakaendelea na mambo yao.

Kwa mtu wa Mpanda, jina hilo lilistahili kusomwa mara mbili.

Turudi nyuma kidogo. Feleshi alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, kuanzia 2008 hadi 2014. Mwaka 2014 akateuliwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2018 akawa Jaji Kiongozi, ndiye mkubwa wa majaji wa Mahakama Kuu. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akamtoa huko na kumfanya Mwanasheria Mkuu. Miaka mitatu baadaye akarudi mahakamani, safari hii ngazi ya juu kabisa nchini.

Kwa lugha ya mpira: kavaa jezi, kapewa filimbi, karudi kwenye jezi, sasa ameshika filimbi tena.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Katiba inataka jaji awe na shahada ya sheria na uzoefu wa miaka isiyopungua 10, na utumishi wa umma kwa mwanasheria mwenye sifa za uwakili unahesabika. Wala Feleshi si wa kwanza. Aliyemrithi u-DPP, Biswalo Mganga, aliteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu Mei 2021. Frederick Werema alikwenda njia ya kinyume: alitoka ujaji 2009 akawa Mwanasheria Mkuu, hadi alipojiuzulu Desemba 2014 kwenye sakata la Escrow. Aliyeshika nafasi yake, George Masaju, akawa jaji 2018, na tangu Juni 2025 ndiye Jaji Mkuu wa Tanzania. Mlango huo unafunguka pande zote mbili, na wanaoupita ni watu wakubwa.

Sasa Mpanda inaingiaje?

Chukua kesi ambayo Katavi wanaijua vizuri: nyara za Serikali. Mtu anakamatwa jirani na Hifadhi ya Katavi akiwa na meno ya tembo au nyama ya kiboko. Hilo ni kosa la uhujumu uchumi, na likithibitika linaweza kumfunga miaka 20 au zaidi. Lakini hakimu wa Mpanda hawezi kuanza tu kuisikiliza kesi hiyo. Lazima kwanza kuwe na karatasi mbili kutoka upande wa DPP: ridhaa ya kumshtaki mtu huyo, na hati inayoipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza kesi ambayo kwa kawaida ni ya Mahakama Kuu. Kazi hiyo inaweza kukasimiwa kwa mawakili wa Serikali mikoani, ila nguvu yenyewe ni ya DPP.

Karatasi hizo si mapambo. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya kesi kadhaa za namna hii kwa sababu ridhaa haikuwepo au ilikuwa na kasoro. Mtu anaweza kukaa jela miaka kadhaa, halafu majaji wakaona kesi yote haikuwa kesi.

Kwa hiyo kuwa na jaji aliyewahi kushika kiti cha DPP kuna faida yake, tusijifanye hatuioni. Anajua faili linavyopikwa. Anajua mahali mwendesha mashtaka anapoteleza, na huyo anaweza kuwa mkali kwa waliokuwa wenzake kuliko jaji mwingine yeyote.

Tatizo liko kwa mrufani. Rufaa za Rufani husikilizwa na majaji wasiopungua watatu. Jaji aliyehusika na shauri akiwa upande wa Serikali anatakiwa kujitoa, na mrufani ana haki ya kuomba ajitoe. Lakini mfungwa kutoka Mpanda, ambaye mara nyingi aliandika sababu zake za rufaa akiwa gerezani bila wakili, atajuaje historia ya waliokaa mbele yake? Mkeka haukumwambia.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa mujibu wa Katiba, Jaji Kiongozi ni mjumbe wa Tume hiyo. Mwanasheria Mkuu pia ni mjumbe. Yaani kwa vyeo vyake tu, Feleshi alikaa kwenye meza hiyo kwa kofia mbili tofauti, na mwananchi hakuwa na dirisha la kuchungulia. Kwa majaji wa Rufani, Rais hushauriana na Jaji Mkuu.

Kenya wanaoutaka ujaji wanaomba, majina yanatangazwa, wanahojiwa hadharani. Haijawaondolea siasa: Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 Juni 2021 akawaacha sita waliokuwa wamependekezwa, wakasubiri hadi William Ruto alipoingia Septemba 2022. Angalau kila mtu alijua ni akina nani walioachwa.

Na suala hili si la wafungwa pekee. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, ukiishtaki halmashauri au serikali ya kijiji, lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu, utoe notisi ya siku 90, na kesi ianzie Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Wilaya ya Tanganyika au Mlele mwenye mgogoro wa shamba, Mahakama Kuu kwa miaka mingi imekuwa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mpanda mjini.

Kesi za aina hiyo zilizofunguliwa kati ya Septemba 2021 na Agosti 2024 zilipita wakati Feleshi ndiye Mwanasheria Mkuu. Zikikatiwa rufaa, zinakwenda kwenye mahakama anayofanyia kazi sasa. Majaji wa Rufani hustaafu wakiwa na miaka 65, mitano zaidi ya wenzao wa Mahakama Kuu. Mwenye shamba anayesubiri tarehe ya rufaa anaweza kuanza kwa kuangalia majina ya majaji watatu waliopangwa kumsikiliza.