Feni nyingi, hewa kidogo
Anayejaza feni kwenye kasha la kompyuta ya mezani bila kupanga njia ya hewa ananunua kelele. Mbili za milimita 120 mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa, zinatosha kompyuta nyingi. Wapo wanaosema zote zitoe, maana adui ni joto. Hoja inavutia, ila hewa inayotoka lazima ifidiwe: kasha litaivuta kupitia kila upenyo usio na chujio, vumbi litatanda kwenye mapezi ya kipoza prosesa, na yakizibwa joto halina pa kwenda. Wengine hutegemea joto kupanda lenyewe. Nguvu hiyo ni hafifu mno mbele ya feni. Kabla ya kukaza skrubu za feni, tazama imeelekea wapi: kwa kawaida hewa hutokea upande wenye fremu inayoshika mota.