Msimnyang'anye Bibi Jembe

Hapa Rungwe imezuka heshima ya ajabu. Mzazi akitimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inauita uzee, wanawe walioko mijini humwamuru aketi tu. Migomba hupaliliwa na kibarua, chai huchumwa na wengine, naye hubakiziwa kiti barazani. Huko ni kumzika angali hai. (Tena, tuseme kweli, mara nyingi kiti hicho hutangulia mazungumzo ya kugawana shamba.) Nabii Ana, mjane wa miaka 84, nani alimwondoa Hekaluni akapumzike? Magoti yakimuuma bibi, mbebeeni ndizi kwenye miteremko yetu ya Tukuyu. Lakini mkungu upi ukatwe leo, aamue mwenyewe.